Fidia ya Kisangani

Mji wa Kisangani, ulio ukingoni mwa mto Kongo, uliteremkiwa na msiba usio na mfano tangu tarehe 5 hata 10 Juni mwaka 2000, pale majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yaliyokuwa yameingia nchini yakiwa masahibu, yalipogeukiana na kupigana kwa mizinga juu ya vichwa vya raia wasio na hili wala lile. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilitaja nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa, na kanisa kuu la Notre-Dame likawa miongoni mwa majengo yaliyoharibika vibaya.

Kongo ilikuwa imekwisha kuishitaki Uganda mwaka 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nayo Mahakama ikahukumu mwaka 2005 kwamba Uganda imedhulumu na inapaswa kulipa. Ila kiasi cha fidia kiliachiwa wenyewe wapatane, jambo lililowashinda, kwani Kongo ilidai dola zaidi ya bilioni 11. Hata Februari 2022 ndipo Mahakama ilipokata shauri: dola milioni 325, kwa mafungu matano ya kila mwaka, na katika hizo milioni 60 ni kwa ajili ya dhahabu, almasi na mali nyingine ya ardhi iliyoporwa.

Lakini serikali hazikungoja. Miezi michache kabla ya hukumu hiyo, askari wa Uganda walivuka tena mpaka, safari hii kwa idhini ya Kinshasa, kuwasaka waasi wa ADF. Tena Uganda ikajifunga kujenga barabara ndani ya Kongo. Kwa Rwanda mambo ni kinyume: shauri la Kongo dhidi yake lilitupwa mwaka 2006 kwa kuwa Mahakama haikuwa na mamlaka juu yake, hivyo hesabu yake haikupata kukaguliwa na hakimu yeyote, na kila Kinshasa na Kigali wanapohitilafiana hufufuka. Sisemi hukumu peke yake ndiyo iliyoleta usuhuba na Kampala, maana biashara nayo ina nguvu zake. Nasema ilizipa serikali mbili mahali pa kuliweka deni, zikapata kuzungumza mengine.

Waliofiwa ndio waliobaki nyuma. Uganda ilitoa fungu la kwanza mwaka 2022, na mfuko wa kuwalipa wahanga umewekwa Kisangani; ila Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria wa Kongo alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 za fidia hiyo.