Kitanda cha Eksirei: Historia ya Kitu Kisichotazamwa



Ukisoma historia za vyombo vya kupigia picha ndani ya mwili, utakuta majina ni yale yale: Röntgen na mionzi yake, Hounsfield na kompyuta yake, Damadian, Lauterbur na Mansfield na sumaku zao. Kitanda hakina mwenyewe. Hakuna aliyepewa Nobel kwa ajili ya kitanda. Na hali mgonjwa, ukimwuliza siku ya pili anakumbuka nini, hatakutajia mionzi wala sumaku. Atakwambia kitanda kilikuwa cha baridi, chembamba, na alidhani ataanguka.

Nataka kuandika kidogo juu ya kitanda hicho, kwa sababu nadhani kimedhulumiwa, na kwa sababu katika historia yake mna swali ambalo wahandisi wamelijibu mara nyingi bila ya kulitamka: huyu atakayelala hapa, tunamdhania ana mwili gani?

Kwanza neno lenyewe. Wamarekani hukiita meza, Waingereza wengi hukiita kochi. Sisi tumesema kitanda, na kwa hili naona tumewapita, maana mezani huwekwa vitu, kitandani hulala mtu. Ingawa, tukisema kweli, mwanzoni ilikuwa meza khasa. Desemba 22, 1895, huko Würzburg, Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mkewe Bertha, kilichohitajika ni bamba la picha na mahali pa kuegemeza mkono usitikisike. Mkono hauna shida. Shida ilianza walipotaka kuona nyonga, uti wa mgongo, mawe ya figo. Hapo mtu lazima alale, tena atulie muda mrefu, kwani mionzi ya siku zile ilikuwa dhaifu.

Wakachukua mbao na turubai. Usidhani ni kwa ufukara tu. Mbao hupitisha mionzi vizuri kuliko chuma, na jambo jengine ambalo leo tumelisahau: nyaya za umeme mkali zilikuwa wazi, zimening'inia juu ya kichwa cha mgonjwa na daktari. Kumlaza mtu juu ya chuma chini ya nyaya zile lilikuwa jambo la hatari. Mbao ilimkinga. Lakini mbao ina vifundo, ina misumari, na yote hayo yana kivuli chake.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yalitoka kwa Gustav Bucky, Mjerumani, mwaka 1913. Aligundua kwamba ukungu unaoharibu picha unatokana na mionzi iliyotawanyika ndani ya mwili wa mgonjwa, akaweka wavu wa risasi kati ya mwili na bamba uichuje. Miaka michache baadaye Hollis Potter wa Chicago akaufanya wavu ule usogee wakati wa kupiga, ili mistari yake isionekane. Tazama hapo kitanda kimefanyiwa nini. Zamani mgonjwa alilalia bamba lenyewe. Sasa bamba na wavu vimeshuka chini ya kitanda, na kitanda kimekaa katikati, njiani kabisa mwa mionzi. Kila kinachopotea ndani ya ubao wake hulipwa na ngozi ya mgonjwa, kwa sababu itabidi mionzi iongezwe ili ile inayofika chini itoshe. Na kila sentimita ya nafasi chini ya mgongo huikuza picha na kuififisha. Basi ubao uwe mwembamba. Lakini ukiwa mwembamba sana, unavunjika.

Mvutano huu wa wembamba na nguvu uliwashughulisha mafundi miaka hamsini na zaidi. Kanuni za Marekani za vyombo vya eksirei ziliuweka kwa hesabu: ubao wa kitanda usizuie mionzi kupita kiasi kinachozuiwa na kipande cha aluminiamu cha milimita moja na kitu. Hebu fikiri, kitu cha kumbeba mtu mzima, na kwa mionzi kiwe kama ukurasa wa bati.

Jawabu lilitoka kwenye ndege. Mapema katika miaka ya 1960, wataalamu wa taasisi ya serikali ya Uingereza ya ndege pale Farnborough walipata njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu. Rolls-Royce ikazikimbilia kwa mapanga ya injini ya RB211. Mapanga yakashindwa majaribio, na Februari 1971 kampuni ikafilisika (sababu hazikuwa hiyo peke yake, lakini hiyo ilikuwamo). Kilichoishinda injini kikakifaa kitanda. Kaboni ni atomu nyepesi, mionzi huipita bila ya kujali sana, na nyuzi zake ni ngumu. Kuanzia miaka ya 1970 vitanda vikaanza kutengenezwa kama andazi: ngozi nyembamba ya nyuzi za kaboni nje, povu jepesi ndani.

Sasa tufike kwenye CT, maana hapo ndipo kitanda kilipopanda cheo.

Majaribio ya kwanza ya Godfrey Hounsfield katika kampuni ya EMI yalifanywa juu ya kitako cha mashine kuukuu ya kukerezea vyuma. Chanzo cha mionzi kilipita upande mmoja hadi wa pili, kisha kitu kinachopigwa kikageuzwa kidogo, kikapitiwa tena. Kupiga kipande kimoja kulichukua siku tisa! Kitu kinachogeuzwa kilikuwa plastiki, au kiungo kutoka kwa mchinjaji, hakilalamiki. Binadamu huwezi kumkereza. Kwa hiyo katika mashine iliyompiga mgonjwa wa kwanza, Oktoba 1, 1971, hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, aliyetulia ni mgonjwa na kilichozunguka ni chombo. Kichwa chake kiliingizwa katika kofia ya mpira iliyozungukwa na sanduku la maji. Unaona? Chombo kilimudu kichwa tu, kwa sababu kichwa ni kitu cha mviringo unachoweza kukibana. Kitanda kilikuwa cha kumpumzisha yule aliyebaki nje. Robert Ledley wa Georgetown, Washington, ndiye aliyekuja na mashine ya mwili mzima katika miaka ya 1973 na 1974, isiyo na sanduku la maji, na tangu hapo kitanda kikapewa kazi ya kuuingiza mwili tunduni, kipande baada ya kipande.

Lakini kiliingiza kwa kusitasita. Kinasogea milimita 10, kinasimama. Mashine inazunguka mara moja, halafu inarudi nyuma, kwa sababu nyaya zake zingejisokota. Mgonjwa anaambiwa vuta pumzi, shikilia; pumua; kitanda kinasogea; vuta tena. Na nani anavuta pumzi mara ishirini kwa kipimo kile kile? Pumzi moja ikiwa ndefu, nyengine fupi, kidonda kidogo cha pafu kinaweza kuruka kutoka kipande hiki hadi kile bila ya kuonekana popote.

Katika miaka ya 1980 ikapatikana pete ya kupitishia umeme kwa mguso, mashine ikaweza kuzunguka mfululizo bila ya kurudi nyuma. Mwaka 1989 Willi Kalender, aliyekuwa Siemens, Ujerumani, akaonyesha picha zilizopigwa huku kitanda kikitembea bila ya kusimama. Ndugu zangu, msilichukulie hili kwa wepesi. Tangu mkono wa Bertha, karibu karne nzima, sheria ya kwanza ya kazi hii ilikuwa moja: mgonjwa asitikisike. Sasa anakuja mtu anasema tumsogeze makusudi wakati tunapiga. Ilionekana kama kuharibu picha kwa mikono yako mwenyewe.

Mfano wake ni muuza machungwa wetu, anavyomenya ganda likatoka utepe mmoja mrefu. Chungwa linazunguka, kisu kinasonga mbele. Ukijua kila wakati kisu kilikuwa wapi, unaweza kulirudisha ganda lote mahali pake. Kompyuta ikafanya hivyo: ikakadiria kila kipande kutokana na mizunguko ya jirani. Kifua kizima kikapigwa kwa pumzi moja. Na hapa ndipo ninapotaka kusisitiza: kuanzia siku ile mwendo wa kitanda ukawa sehemu ya kipimo. Kitanda kikienda polepole kuliko kompyuta inavyodhani, uvimbe utapimwa urefu usio wake. Ndiyo maana wakaguzi huweka uzito juu yake na kukipima kikienda na kurudi, kisikosee zaidi ya milimita moja. Mashine za mwishoni mwa miaka ya 2000 zilifikia mahali kitanda kinakwenda zaidi ya sentimita 40 kwa sekunde, na fundi wake anahangaika na namna ya kuanza na kusimama kwa ulaini, maana ukimshtua mtu, viungo vyake vya ndani vitaendelea kucheza baada ya mgongo kutulia.

Kuna tabia moja ya vitanda hivi ambayo Kiswahili kina neno lake zuri: kunepa. Ubao umeshikwa upande mmoja tu, ule mwengine uko hewani ndani ya tundu. Kila mtoto aliyepanda mwembe anajua kwamba kadiri unavyosogea kwenye ncha, tawi linazidi kunepa. Ndiyo sababu ya vitanda vya CT kupindwa kama karara la mnazi. Mpindo huupa ubao mwembamba ukakamavu, na humweka mgonjwa katikati. Katika CT peke yake, kunepa kidogo kulivumilika. Lakini David Townsend na Ron Nutt walipounganisha CT na PET katika chombo kimoja, cha kwanza kikiwekwa Pittsburgh mwaka 1998, ilizuka kasheshe. Mgonjwa hupita kwanza CT, halafu huendelea mbele zaidi hadi PET. Mbele zaidi maana yake amenepa zaidi. Picha mbili za mtu mmoja zikiwekwa juu ya nyengine hazilingani. Dawa iliyopatikana kwa baadhi ya mashine ni rahisi mpaka inachekesha: badala ya kuusukuma ubao, wakakisogeza kitanda chote na mguu wake juu ya reli sakafuni. Kunepa kupo, lakini ni kule kule kila mahali.

Wanaotibu saratani kwa mionzi nao wana ugomvi wao na mpindo ule. Wao humlaza mgonjwa juu ya ubao bapa, na mtu aliyelala juu ya karara hakai sawa na aliyelala juu ya bapa. Kwa hiyo kabla ya kupiga CT ya kupangia tiba, ubao bapa huwekwa juu ya ule uliopinda.

MRI nitaipitia kwa haraka. Julai 3, 1977, Damadian na wenzake huko New York walimpiga msaidizi wao Larry Minkoff kifua kwa karibu saa tano, wakimsogeza nukta baada ya nukta. Mwili wake mwenyewe ndio uliofanya kazi ya mtambo wa kusogeza. Baadaye vitanda vya MRI vilikuja na kejeli ndogo: nyuzi za kaboni, mkombozi wa eksirei, humu ni tatizo, kwa sababu hupitisha umeme na hugombana na mawimbi ya redio. Wakarudi kwenye nyuzi za kioo. Na watengenezaji wengine wakafanya kitanda kinachong'oka na kuondoka na magurudumu yake, ili moyo ukisimama, mgonjwa atolewe chumbani mara moja. Karibu na sumaku ile huwezi kukimbia na mtungi wa oksijeni wa chuma.

Turudi kwenye lile swali la mwili. Viwango vya kimataifa vya usalama wa vyombo vya tiba huchukua mtu mzima wa kilo 135, na toleo la 2005 likaongeza kilo 15 za vifaa vinavyofuatana naye, kisha ubao utengenezwe uweze kustahimili mara nyingi ya huo. Mtu ameandikwa kwa namba, na namba ile ikawa mlango. Katika miaka ya 2000 vitanda vingi Marekani vilikomea kilo 204, na waliozidi hapo walirudishwa nyumbani bila ya picha. Watengenezaji wakapanda hadi zaidi ya kilo 300, na tundu la MRI, lililokuwa la sentimita 60, likapanuliwa hadi 70 kuanzia mwaka 2004. Soko lilisema, wakasikia.

Wazito wana soko. Wenye vibiongo hawana. Marehemu mama yangu alikuwa na kibiongo, na katika hospitali moja huku ugenini alipelekwa CT. Kitanda kilishuka mpaka mwisho wake, bado kilimfika kiunoni. Wakamnyanyua wawili. Alipolazwa, mgongo haukugusa ubao ila mahali pamoja, kichwa kikabaki hewani. Wakatafuta mito, wakatafuta mataulo, radiografa msichana wa watu akamshika mkono akimwambia atulie. Picha ikatoka na ukungu, ikarudiwa, mionzi mara mbili. Sikumlaumu yule msichana. Mimi nilikuwa nautazama ubao, mzuri, wa kaboni, umenyooka kwa ajili ya mtu aliyenyooka.

Kimo cha kushuka ndicho kilichokawia kuliko vyote, na si kwa ugumu wa ufundi. Chini ya ubao mna injini, wenzo na nyaya, na kila mhandisi anataka nafasi yake; mgonjwa wa kiti cha magurudumu hakuwapo kwenye kikao. Bodi ya Marekani inayoshughulikia haki za walemavu kufikia majengo na vyombo ilitoa viwango vyake vya vyombo vya uchunguzi mwaka 2017, lakini kuhusu kimo cha chini kabisa haikukata shauri, ikaacha kati ya inchi 17 na 19. Iliamua mwaka 2024: inchi 17, yaani sentimita 43 hivi. Ni kama kimo cha baraza la nje ya nyumba zetu, pale ambapo mama alikuwa akikaa mwenyewe bila ya kushikwa mkono.