Iskemia ya mguu katika tiba ya moyo kwa katheta

Iskemia ya mguu ni hali ya mguu kukosa damu ya kutosha kwa kuwa ateri inayoulisha imeziba au imebanwa. Katika tiba ya moyo kwa katheta, chanzo huwa mrija unaopitishwa kinenani, ndani ya ateri ya paja. Mrija huo unaweza kujaza ateri yote, kuchubua ukuta wake wa ndani, au kugandiwa na damu ambayo bonge lake humeguka na kushuka hadi unyayoni.

Kinena kilikuwa mlango mkuu wa katheta baada ya Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi kuchapisha, mwaka 1953, mbinu ya kutumia sindano na waya mwembamba badala ya kupasua. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Kanada alieleza njia ya kifundo cha mkono. Kwa vipimo vya kawaida hiyo ndiyo kinga bora, maana kiganja hulishwa na ateri mbili zinazoungana. Moja ikiziba, nyingine kwa kawaida hutosha.

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu huhitaji vifaa vinene zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Unene hupimwa kwa kipimo kiitwacho Fr, na Fr 3 ni milimita 1. Katheta ya kawaida ya Fr 6 ina milimita 2. Kanula ya ateri ya mashine ya ECMO, inayoshika kazi ya moyo na mapafu, mara nyingi huwa Fr 15 hadi 19, yaani milimita 5 hadi 6 na ushei. Ateri ya paja ya mwanamke mwenye umbo dogo huenda isizidi hapo.

Kwa hiyo kinga huanza kabla ya sindano. Mapigo ya miguu yote miwili hupapaswa na kuandikwa, upana wa ateri hupimwa kwa ultrasaundi, na mrija mwembamba kuliko yote inayofaa ndio huchaguliwa. Sindano huchoma ateri mbele ya kichwa cha mfupa wa paja, si chini zaidi inakogawanyika. Heparini huzuia damu kuganda. Kwa ECMO, mrija mdogo wa pili huelekezwa chini ili kuulisha mguu. Kuuweka tangu mwanzo ni busara kuliko kungoja mguu upoe.

Kinachosahaulika ni uangalizi wa baadaye. Macho yote huwa kwenye skrini ya moyo, na mguu umefunikwa shuka. Ufunuliwe kila saa, ulinganishwe na mwenzake kwa joto na mapigo, na kifaa cha Doppler, kinachosikiliza mtiririko wa damu, kitumike vidole vya muuguzi visipohisi mapigo. Kwenye ngozi nyeusi, weupe wa mguu uliokosa damu hauonekani upesi. Rangi itazamwe kwenye kucha na unyayo. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kulalamika.

Damu ikikatika kabisa, misuli inaweza kufa ndani ya saa 4 hadi 6. Mgonjwa aliye macho akihisi ganzi, baridi au maumivu ya ghafla mguuni, amwambie muuguzi papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.