Moto wa Bristol na kitenzi "flare up"

Waingereza wana kitenzi, "flare up", ambacho sisi hukifasiri upesi kuwa ni kuwaka ghafla au kupandwa na hasira. Fasiri hiyo si potofu, ila ina upungufu. Kitenzi hicho husemwa pia juu ya maradhi, kama vile baridi yabisi inayomrudia mgonjwa, na hapo hakuna tabibu anayedhani kwamba ugonjwa umeanza siku ile. Ulikuwamo mwilini ukifukuta.

Mwaka 1841, Charles Mackay, akieleza misemo iliyowahi kuvuma katika mitaa ya London, aliihusisha "flare up" na ghasia za Bristol. Kwa maelezo yake, mji ulipoungua neno likashika vinywa vya watu, likawa linatumika kwa kila jambo na kwa kila mtu.

Ni nini kilichofukuta Bristol? Mji ulikuwa na wakazi kiasi cha 100,000, na wenye haki ya kupiga kura walikuwa takriban 6,000 tu. Tarehe 8 Oktoba 1831, Baraza la Malodi lilikataa muswada wa kupanua haki hiyo. Tarehe 29, Sir Charles Wetherell, mbunge aliyeupinga muswada huo kwa ukali na ambaye pia alikuwa hakimu wa mji, akaja kufungua vikao vya mahakama. Akapokewa kwa mawe, hata ikambidi atoroke kwa kupitia mapaa ya nyumba. Kufikia tarehe 31, jumba la meya, kasri la askofu, jengo la forodha na magereza vilikuwa vimechomwa, na askari wa farasi walikuwa wakiwakata watu kwa panga. Mwaka uliofuata wanaume wanne walinyongwa. Kamanda Brereton, aliyesita kuwashambulia raia, alijiua kesi yake ikiendelea katika mahakama ya kijeshi.

Taarifa zetu za kiserikali hupenda kuandika kwamba "ghasia zimezuka". Kuzuka ni kutokea pasipo kutazamiwa. Ndiko tulikopata mzuka. Neno hili humfaa sana mtawala, kwa kuwa halimdai habari za jana. Ningependa maofisa wanaoandika taarifa hizo wajaribu kutumia "kufukuta", kisha waone ni maswali gani yatakayowalazimu kuyajibu.

Muswada ulipita Juni 1832. Vibarua wengi wa Bristol hawakupata kura.