Kiliani na Galusi: majina ya Ireland kwenye ufukwe wa Nyasa

Mtoto wa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akibatizwa Kiliani, anapewa somo aliyezaliwa Ireland na kuuawa Würzburg, Ujerumani, yapata mwaka 689. Jina hilo lililetwa na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera, Mbinga ya leo, mwaka uliofuata. Wengi walitoka Bavaria, na Würzburg imo Bavaria. Wazee wetu walichukua majina kutoka kalenda ya hao mapadre: azaliwaye karibu na tarehe 8 Julai, sikukuu ya mtakatifu huyo, jina lake lilikuwa linamngoja.

Galusi ana kisa kitamu zaidi kwa watu wa ziwani. Mapokeo yanasema Gallus alitoka Ireland pamoja na mwalimu wake Kolumbano, wakavuka Ulaya hadi Ziwa Konstanz, linalopakana na Uswisi. Huko, wasifu wake wa kale unasimulia, yeye ndiye aliyefuma nyavu na kuwavulia wenzake samaki. Mji wa St. Gallen una jina lake. Alikuwa nalo pia Abate Gallus Steiger, Mswisi aliyeiongoza Peramiho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na huenda ndiyo maana kina Galus ni wengi Ruvuma. Sioni somo anayemfaa zaidi mtoto wa mvuvi wa usipa.

Brigita naye asili yake ni Ireland, ingawa wengi wanamjua yule wa Sweden aliyerithi jina hilo karne nyingi baadaye.

Sasa, liandikwe vipi? Waireland wenyewe huandika Cillian. Wajerumani wakaweka K. Huku kwetu katekista aliandika kama alivyosikia, na sikio la Kiswahili likadai irabu mwishoni: Kiliani, Galusi. Brigita akapata ndugu zake Brigitta na Brigitha. Wapo wanaoona aibu kuandika ile i ya mwisho, wakidhani ni ushamba. Mimi nasema hapana. Mjerumani alilitengeneza jina likae vizuri kinywani mwake, nasi tumefanya hivyo hivyo. Kiliani ni jina kamili, na limezikwa na kuzaliwa upya katika koo zetu kwa vizazi.

Siku hizi wazazi vijana wanapenda zaidi Brian, jina la mfalme wa Ireland aliyekufa vitani mwaka 1014. Nalo limeshagawanyika: Brian, Bryan, Brayan, Brayani.

Uamuzi wa herufi zamani ulikuwa wa paroko na daftari lake la wabatizwa. Leo kuna cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya Baraza la Mitihani. Ubatizo ukisema Kilian, RITA Kiliani na cheti cha kidato cha nne Killian, mwenye jina atalazimika kula kiapo mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja, tena kwa gharama zake. Kwa hiyo mzazi aandike jina kwenye karatasi kabla ya kwenda kumwandikisha mtoto, amkabidhi karani, kisha asome cheti herufi kwa herufi kabla hajaondoka dirishani. Na karatasi hiyo hiyo ampelekee katekista.