Holotaipu, au kielelezo mama

Mwaka 1926 Arthur Loveridge, aliyekuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, alipanda Milima ya Uluguru. Katika kijiji cha Bagilo alipata kipwe mkubwa mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha njano. Mwaka uliofuata Herbert Friedmann alimtangaza ndege huyo kuwa spishi mpya na kumpa jina Malaconotus alius. Hadi leo anajulikana Uluguru tu.

Ukisikia habari hiyo, ni rahisi kudhani kwamba Friedmann aliwapa jina ndege wote wa namna ile waliokuwa msituni. Sivyo kanuni zinavyosema. Jina limefungwa kwenye mwili mmoja: ngozi ya ndege iliyokaushwa, yenye kikaratasi mguuni kinachotaja mahali, tarehe na aliyekusanya. Ndege wengine wote wanaitwa jina hilo kwa sababu wamelinganishwa na huyo mmoja wakaonekana ni wenzake. Mwili huo ndio unaoitwa holotaipu.

Neno lenyewe limetokana na Kigiriki: holos, yaani -zima, na typos, alama inayoachwa na mhuri au chapa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinamtaka kila anayetangaza spishi mpya tangu mwaka 2000 aseme waziwazi ni kielelezo kipi, au ni vielelezo vipi, vinavyobeba jina. Asipofanya hivyo, jina lake halihesabiki, hata kama maelezo yake yamejaa kurasa mia. Sababu yake ni nzito. Maelezo hutegemea macho ya mwandishi na elimu ya zama zake; asichojua kukitazama hatakiandika. Mwili hubaki na yote, pamoja na yale ambayo hakuna aliyefikiri kuyapima. Mtu akibisha miaka mia baadaye, haendi kubishana na maneno. Anaomba mwili utolewe kabatini.

Kuna kosa moja linalorudiwa hata vyuoni, nalo ni kudhani kwamba holotaipu ni mfano bora wa spishi yake, au kwamba lazima iwe na sura ya kawaida ya wenzake. Si lazima kabisa. Tazama silikanti, yule samaki wa vilindini anayenaswa na majarife ya wavuvi wetu wa Tanga tangu miaka ya 2000. Wa kwanza kujulikana na sayansi alivuliwa Afrika Kusini Desemba 1938, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London ndiye aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida. Kabla mtaalamu hajafika, matumbo na viungo laini vilikuwa vimeshatupwa, akabaki samaki aliyekaushwa na kujazwa. Mtaalamu huyo, J.L.B. Smith, alimpa jina Latimeria chalumnae mwaka 1939 kwa kutumia mabaki hayo. Baadaye wamepatikana silikanti wengi wazima kuliko yule, lakini holotaipu haikubadilika. Hainyang'anywi nafasi yake kwa sababu amepatikana mwingine mzuri zaidi.

Mwaka 1952 akavuliwa silikanti mwingine katika kisiwa cha Anjouan, Komoro. Alikosa pezi la kwanza la mgongoni. Smith aliona tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kumpa jenasi yake peke yake, akamwita Malania anjouanae. Walipoendelea kupatikana wengine Komoro ikawa wazi kwamba yule alikuwa tu na kilema, na kwamba wote ni wa spishi ile ile ya mwaka 1939. Jina jipya likafutika na la zamani likabaki. Bila kielelezo cha kurejea, mabishano yale yangemalizikia wapi?

Turudi milimani, maana kazi hii inaendelea huko kwa vyura. Katika Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, kuna jenasi ya Nectophrynoides. Vyura hawa hawatagi mayai majini. Mayai huanguliwa tumboni mwa jike, na watoto huzaliwa wakiwa vyura kamili, wadogo sana. Mwaka 2004 Michele Menegon na wenzake walitangaza spishi 5 kwa mpigo, na 2 kati yake zinatoka Uluguru: laevis na pseudotornieri. Hilo la pili linajieleza: maana yake ni tornieri wa uongo, chura unayeweza kumdhania kuwa ni mwingine aliyekwisha kupewa jina.

Ndiyo maana vielelezo huandaliwa kwa uangalifu mkubwa. Chura akishafishwa kwa dawa, hukatwa kipande kidogo cha ini au cha msuli wa paja, kikatiwa kwenye kichupa cha spiriti kwa ajili ya DNA. Kisha mwili hulazwa kwenye trei na vidole kutandazwa kimoja kimoja kabla formalini haijaukakamaza. Vikikakamaa vikiwa vimejikunja, hakuna tena atakayeweza kuona vizuri utando ulio kati yake, na pengine utando huo ndio unaomtenganisha na jirani yake. Kikaratasi chenye namba hufungwa kwa uzi mguuni. Baadaye mwili huhamishiwa kwenye spiriti, ukapimwa kuanzia ncha ya pua hadi tundu la haja, zikatazamwa tezi za nyuma ya macho, ikaangaliwa kama kiwambo cha sikio kinaonekana au hakipo. Kati ya miili yote iliyokusanywa, mmoja huchaguliwa na kuandikwa namba yake katika makala. Iliyobaki huitwa parataipu: inasaidia kuonyesha jinsi spishi inavyotofautiana ndani yake yenyewe, lakini haibebi jina.

Manufaa ya utaratibu huo yameonekana hivi karibuni. Nectophrynoides viviparus alitangazwa na Gustav Tornier mwaka 1905 kwa vielelezo vilivyopelekwa Berlin wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwa muda mrefu jina hilo lilitumika kwa vyura wa milima mingi, Uluguru ikiwamo. Mwaka 2025 kundi la watafiti, akiwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilionyesha kuwa ndani ya jina hilo moja kulikuwa na spishi zaidi ya moja, likatangaza 3 mpya. Mojawapo ni saliensis, iliyopewa jina la msitu wa Sali kule Mahenge. Kabla ya kutoa majina hayo ilibidi wajue kwanza jina la Tornier ni la vyura wa mlima upi, kwa hiyo wakatoa DNA kwenye miili iliyokaa makumbusho kwa zaidi ya karne. Tornier hakujua DNA ni nini, lakini alichokihifadhi ndicho kilichotoa jibu.

Sasa, tuiiteje kwa Kiswahili? Spishi, jenasi, familia na ngeli zimeshazoeleka, na kwa mkondo huo holotaipu inakubalika bila shida. Faida yake ni kwamba neno hili linakaa pamoja na ndugu zake, parataipu, sintaipu, lektotaipu na neotaipu, na mtafiti akiliona katika jedwali halimpotezi. Kasoro yake ni kwamba halimwambii kitu mwanafunzi wa kidato cha tatu Morogoro, wala askari wa hifadhi ya Uluguru anayewaongoza wageni.

Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni sampuli wakilishi. Naikataa kabisa, kwa sababu inaleta lile kosa la silikanti: inadai kwamba kielelezo kinawawakilisha wenzake kwa sura. Neno sampuli nalo limeshashikwa na maabara za hospitali na upimaji wa udongo, ambako kitu huchukuliwa, hupimwa, kisha humwagwa. Holotaipu haimwagwi. Kielelezo cha aina nacho kina utata, kwa kuwa aina ndilo neno ambalo wengi wetu hulitumia kwa maana ya spishi, na kila chura wa spishi hiyo ni kielelezo cha aina hiyo.

Kielelezo peke yake ni neno zuri kwa sababu mahakama zetu zimelinoa. Upande wa mashtaka ukitoa panga lenye damu, hupokelewa na kupewa alama, kielelezo P1, na tangu hapo hoja zote juu ya panga ni juu ya panga hilo na si lingine. Holotaipu inafanya kazi hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuonyesha kuwa ni kimoja na kwamba vingine hurejea kwake, na hapo Kiswahili kinalo neno tayari: sheria mama, kampuni mama. Napendekeza kielelezo mama. Atakayesema kwamba holotaipu haikuzaa kitu atakuwa sahihi, ila hata sheria mama haijazaa. Katika matumizi haya mama ni kile ambacho vingine vinakitegemea kwa uhalali wao.

Parataipu ingefaa kuitwa kielelezo mwenza, tulivyozoea mgombea mwenza. Mwandishi wa zamani alipotaja miili kadhaa bila kuchagua mmoja, hizo ni sintaipu, na mtaalamu wa baadaye akichagua mmoja kati yake anapata lektotaipu: kielelezo teule. Neotaipu, inayowekwa pale ya awali inapoungua au kupotea, ni kielelezo mbadala.

Katika makala za utafiti ningebaki na holotaipu, na kielelezo mama kikaandikwa mara moja mwanzoni. Darasani, gazetini na kwenye vibao vya hifadhi ningefanya kinyume chake. Wingi wake ni vielelezo mama, na mwandishi achunge kuutumia pale tu anapozungumzia majina zaidi ya moja, kwa kuwa jina moja haliwezi kuwa na viwili.