Safari ya Lofoi: Wageni wa Zamani na Wageni wa Leo

Kila mwaka shule zinapofungwa, vijana wa parokia yetu hapa Lubumbashi hutujia na neno moja tu: "Mwalimu, mwaka huu tutatembea wapi?" Si neno baya. Mtoto aliyekulia mjini, anayeuona kila asubuhi ule mlima mweusi wa takataka za shaba, anapaswa kupata siku moja ya kuona mto unaoshuka mlimani na kusikia ndege asiyemjua. Basi miaka michache iliyopita tuliwapandisha vijana katika lori, tukawapeleka kwenye maporomoko ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu. Yaliyotupata huko tutayasimulia. Lakini kwanza turudi nyuma, maana nchi ile imepokea wageni wengi kabla yetu, na kila mgeni aliondoka na kitu.

Zamani za Msiri, mfalme wa Bunkeya, misafara ilikuja kutoka pande mbili, upande wa Benguela na upande wa bahari ya mashariki. Msiri mwenyewe alikuwa na asili ya Usumbwa, nchi iliyo leo Tanzania, na watu wake Wayeke walikuwa miongoni mwa wale walioleta Kiswahili huku kwetu. Wasafiri wa siku zile hawakuja kutazama maji yanavyoanguka. Walitaka pembe za ndovu, shaba, chumvi, na, kwa aibu kubwa, walitaka watu. Mwezi wa pili wa mwaka 1886 akafika Mskoti Arnot, mhubiri wa Kiprotestanti. Mwaka 1891 akaja Le Marinel kwa niaba ya Bula Matari, akaacha kituo cha Serikali karibu na mto Lofoi. Mwaka huohuo, tarehe 20 Desemba, Msiri akapigwa risasi akafa, na nchi ikawa ya wengine.

Gari moshi lilifika mji wetu, ulioitwa Elisabethville, mwaka 1910. Tangu hapo kusafiri kukawa kwepesi kwa mtu mwenye fedha na bunduki. Tembo, nyati na punda milia waliokuwa wengi katika nyanda zetu wakaanza kupungua.

Wazo la kuwatenga wanyama mahali pao halikuanza Katanga. Mmarekani mmoja, Carl Akeley, aliwaua sokwe wakubwa wa milima ya Virunga mwaka 1921 ili ngozi zao zikawekwe katika nyumba ya makumbusho ya New York. Baadaye moyo wake ukageuka, akaanza kuomba kwa nguvu wale waliobaki walindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji, aliyekuwa ametembelea hifadhi za Marekani mwaka 1919, akamsikia. Mwaka 1925 ikaanzishwa hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, nayo ilikuwa ya kwanza katika Afrika nzima. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafa, akazikwa hukohuko mlimani kwa sokwe wake. Sisi tunapenda kuwasimulia vijana habari ya mtu huyu, kwa sababu hakujificha kwamba naye alikuwa mmoja wa waharibifu.

Katanga ilipata zamu yake tarehe 15 Mei 1939. Hifadhi ya Upemba ilipoanzishwa, eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 17,730. Tangu mwaka 1946 mpaka 1949 mtaalamu de Witte na wenzake walizunguka humo wakikusanya nyoka, vyura, wadudu na mimea, na maandishi yaliyotoka katika kazi hiyo yanajaza rafu nzima. Kazi njema. Lakini mwenyeji aliyezaliwa pale alikatazwa kuwinda, kukata mti, hata kuingia bila ruhusa mahali ambapo babu yake alizikwa. Mtaalamu aliingia na masanduku yake; mwenye nchi alibaki nje. Jeraha hilo halijapona mpaka leo, na asiyelijua ataona ajabu kwa nini watu wa vijiji hawashangilii wanapoona bendera ya hifadhi.

Mwaka 1970 ikaanzishwa hifadhi ya Kundelungu, ndugu yake Upemba. Mwaka 1975 mipaka ya Upemba ikarekebishwa, ikabaki na kilomita za mraba kama 10,000 zinazolindwa kabisa, pamoja na ukanda wa pembeni. Kisha zikaja vita. Mwaka 2004 kituo cha Lusinga, makao makuu ya Upemba, kilishambuliwa na Mai-Mai, watu wakauawa. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2012 mkuu wa hifadhi mwenyewe aliuawa. Punda milia wa pori wa Kongo yote, ambao zamani walikuwa makundi makubwa, wamebaki katika uwanda wa Upemba peke yake, tena ni wachache. Tunaposema "walinzi wa hifadhi", basi, tukumbuke kwamba wako wajane na yatima nyuma ya neno hilo.

Sasa turudi katika lori letu.

Tulifika Lofoi jioni ya siku ya pili, mifupa yote inauma. Maji yale yanaruka kutoka ukingoni mwa uwanda na kuanguka zaidi ya mita 340 kwa mara moja. Wakati wa kiangazi yanakuwa membamba kama uzi mweupe, na upepo huyachukua kabla hayajafika chini. Vijana wetu, ambao huwezi kuwanyamazisha hata kanisani, walinyamaza. Nasi tulinyamaza. Katika masomo yetu tulifundishwa kutaja mito ya Ulaya mmoja baada ya mwingine, na Lofoi, ambao ni wa kwetu, hatukuwahi kuusikia darasani.

Kesho yake mambo yakaharibika. Kwanza, mifuko ya plastiki ya maji ya kunywa ilikuwa imetawanyika kila mahali, mpaka kwenye mawe ya mtoni. Pili, mtu mmoja alikuwa amewasha muziki kwa nguvu tangu alfajiri, na mnyama gani angekaribia? Hayo tuliyakemea, vijana wakaokota. La tatu hatukulikemea, kwa kuwa nasi tulikuwamo. Wakati wa kurudi tulisimama katika kijiji cha njiani, na kila mtu mzima akanunua gunia la makala, kwa maana pale bei ni nafuu kuliko mjini. Mwandishi wa maneno haya alinunua mawili.

Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mwembe akitutazama tunapopakia. Tulimsalimu kwa heshima, akaitika, kisha akauliza, "Mwalimu, mmekuja kufanya nini huku?"

"Baba, tumekuja kuona maji na pori, vijana wajifunze kupenda viumbe vya Mungu."

Akahesabu magunia kwa kidole. "Kumi na moja," akasema. "Mwanangu akikata mti kule juu, anakamatwa. Ninyi mnaoupenda huo mti mnaondoka nao ukiwa umeungua, na hakuna anayewakamata."

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatulitafuti, ila tumebadili namna ya kusafiri. Mwaka uliofuata tulikwenda karibu zaidi, Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele lililotokea mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Wapo watakaosema ziwa lililofanywa na watu si pori la kweli. Sawa, lakini ndege hawajui hayo. Katika matete ya hapo anaishi ndege mdogo wa jamii ya wale wanaofuma viota. Mtaalamu Ruwet alimgundua mwaka 1960, kisha miaka karibu hamsini ikapita bila mtaalamu kumwona tena, mpaka mwaka 2009. Wavuvi wa Kapolowe, nadhani, walikuwa wakimwona kila siku.

Safari hiyo tulikuwa wachache, kumi na wanane tu. Hatukubeba chakula kutoka mjini isipokuwa chumvi na sukari. Bukari, sombe na samaki tulivinunua kwa akina mama wa pale, nao walitupikia. Mvuvi mmoja alitupitisha katika matete kwa mtumbwi, tukamlipa bei aliyoitaja bila kubishana. Maji tulibeba katika madumu, si katika vifuko. Vijana watatu walipewa kazi ya kukusanya takataka zote na kuzirudisha mjini.

Neno la makala ndilo gumu. Kabla ya kuondoka mama mmoja wa parokia alitukabili: "Mwalimu, mimi napikia mbabula, umeme haufiki kwetu, na pale njiani gunia ni bei ya chini. Niwaambie watoto wangu wale nini?" Ana haki ya kuuliza. Umeme wa Lufira ulizaliwa kwa ajili ya migodi, na mitaa mingi ya Lubumbashi ingali ikila kwa miti ya miombo, tukienda safari tusiende. Tulikubaliana tu kwamba lori la vijana halitakuwa lori la makala, na mwenye haja atanunua sokoni kama siku zote.

Tuliporudi Lubumbashi usiku, tukashusha mizigo mbele ya parokia: madumu, sufuria, mikeka, na magunia matatu ya takataka yaliyofungwa vizuri. Chini ya mikeka, kwenye kona ya lori, kulikuwa na magunia mengine mawili. Tuliyagusa, yakalia kama makala yanavyolia. Hakuna aliyejitokeza kusema ni yake.