Mtu ni Watu: Fikra za Usambara juu ya Mwili, Moyo na Roho

Swali la kuuliza mtu ni nini ni kongwe kuliko vitabu vyote vilivyojaribu kulijibu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiajemi aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa ghafula akielea hewani, macho yake yamefunikwa, wala viungo vyake havigusani. Mtu huyo, alisema, hata asipojua kwamba ana mwili, atajua kwamba yupo. Miaka mia sita baadaye, mwaka 1641, Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu ambamo aliitenga nafsi inayofikiri na mwili unaochukua nafasi, akaviona kuwa ni vitu viwili mbalimbali. Mabishano yaliyoanzwa na wanafalsafa hao hayajesha hata leo.

Wazee wa milima ya Usambara hawakuandika risala juu ya jambo hili. Kwa sababu hiyo wako wasomi waliodhani kwamba hawakuwa na neno la kusema. Dhana hiyo si sahihi. Jamii yoyote impayo mtoto jina, imtibuyo mgonjwa na imzikayo maiti imekwisha kulijibu swali letu kwa vitendo, na anayetaka kulijua jibu hilo hana budi kuvitazama vitendo hivyo. Lau mzee wa Vugha au Mlalo angesimuliwa habari za yule mtu wa Ibn Sina aeleaye hewani, yamkini angeuliza kwanza: “Huyo ni mwana wa nani?”

Tuanze na maneno, maana lugha ni ghala ya fikra. Mwili na moyo ni maneno ya asili ya Kibantu. Roho, nafsi na akili yalitoka katika Kiarabu, yakapanda milima pamoja na biashara na dini kutoka Pangani na Tanga. Kila neno lilipata kazi yake. Anayekufa hukata roho. Aliyekosa husutwa na nafsi. Anayechanganyikiwa husemwa kuwa akili zimemruka. Moyo si kipande cha nyama tu, bali ni mahali pa nia, pa hofu na pa siri. Ndipo wahenga wakasema kwamba moyo wa mtu ni msitu. Tena tunalo neno wazimu, ambalo kwa sauti na kwa asili ni jirani ya mzimu, yaani roho ya marehemu. Lugha yenyewe, kabla ya daktari na mganga kusema lolote, imeyaweka maradhi ya akili karibu na uhusiano wa walio hai na waliotangulia.

Juu ya maneno hayo yote liko neno utu. Mtu aweza kuwa na mwili wenye afya, roho iliyo hai na akili nyingi kupita za wenzake, lakini tukamsema kuwa si mtu. Hatuna maana kwamba amepungukiwa na kiungo. Twamaanisha kwamba amekata kamba imfungayo kwa wenziwe. Mtu, basi, hakamiliki kwa vile alivyo navyo ndani yake peke yake. Majina ya Usambara yatoa ushahidi huohuo. Majina mengi yanayoanza na She-, kama Shebughe na Shekulwavu, hubeba maana ya “baba wa fulani”. Mtu mzima hutajwa kwa njia ya mtoto wake, na heshima yake hukaa katika uhusiano huo.

Fikra hii ilijaribiwa na historia, na jaribio la kwanza ni la Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Habari zake zilikusanywa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichochapishwa kwa Kiswahili huko Magila kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Masimulizi yanasema kwamba Mbegha alizaliwa Ngulu, naye alikuwa kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, na wengi waliuawa wakingali wachanga. Mbegha aliishi, lakini ulipofika wakati wa kugawa urithi jamaa zake walimnyima fungu lake. Akawa mwindaji, akatangatanga hadi Usambara.

Hapa ndipo masimulizi yanapogeuka. Huko milimani Mbegha aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao. Watu wa Vugha wakamfanya mtawala, akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huuweka mwanzo wa utawala huo katika karne ya 18. Tukiyasoma masimulizi haya kama hoja, yanasema jambo zito. Mwili uleule na meno yaleyale yaliyokuwa mkosi mahali pamoja hayakumzuia kuwa mwenye nchi mahali pengine. Kilichobadilika si mwili wake wala roho yake. Alipata watu waliompokea, naye akatimiza wajibu wake kwao.

Wakilindi waliendeleza fikra hiyo mpaka ikaihusu nchi nzima. Katika Kisambaa kuna misemo miwili ambayo mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Mfalme alihesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Utawala ukiwa imara na usio na mshindani, mvua hunyesha, mashamba huzaa, watoto hukua. Wenye nguvu wakishindana, njaa huingia. Wageni waliliona jambo hili kuwa ni ushirikina tu. Walakini ndani yake mna maarifa ya siasa: afya ya mwili wa mtu haiwezi kutengwa na amani ya mahali anapoishi. Mtoto hudhoofika kwa sababu mama yake ameshindwa kulima, na mama ameshindwa kulima kwa sababu wakubwa wanapigana.

Ukweli huo ulidhihirika kwa uchungu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vugha mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi kubwa iliyoshuka hadi karibu na pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862. Baada yake watoto na wajukuu walipigana, Semboja wa Mazinde akiwa mmoja wa wenye nguvu kupita wote. Bunduki zilipanda kutoka pwani, na watu wakateremshwa kwenda kuuzwa. Nchi ilibanwa kwa maana halisi ya neno hilo.

Msomaji na atafakari hali ya mtoto aliyeuzwa katika miaka hiyo. Mwili wake ulikuwapo, na mnunuzi aliupapasa na kuupima. Roho yake ilikuwapo, na akili yake pia, maana alitazamiwa kufahamu amri. Hakuna hata kimoja, katika vitu ambavyo Descartes alivitaja, alichopungukiwa nacho. Kilichoondolewa ni ule uwezo wa kuulizwa “mwana wa nani?” na kuwa na jibu lenye nguvu ya kumlinda. Ndiyo maana utumwa ulikuwa dhuluma kubwa kuliko kazi ngumu na mapigo. Ulimwacha mtu na kila kitu chake isipokuwa watu.

Kutoka katika msiba huo kulizaliwa mahali ambapo hapana budi patajwe katika historia ya fikra juu ya mtu nchini kwetu, napo ni Lutindi. Wamisionari wa Bethel walianza kazi Mlalo mwaka 1891, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1896 yalifunguliwa makao huko Lutindi, katika milima hiyohiyo, kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa. Mnamo mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, nayo huhesabiwa kuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Bethel yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld huko Ujerumani, ilianza mwaka 1867 kwa kuwatunza wenye kifafa. Desturi yake ilikuwa kumpa mgonjwa makao, ratiba ya siku, sala na kazi ya mikono. Desturi hiyo ililetwa Lutindi, ambako wagonjwa walilima na kufanya kazi nyinginezo. Hospitali hiyo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, imeendelea na huduma hadi zama zetu.

Tukiyapima mambo kwa haki, tutaona kwamba wenyeji na wageni hawakutofautiana kwa kila jambo. Wageni walisema juu ya roho ya kila mtu mmoja mmoja mbele ya Mungu, na fundisho hilo lilikuwa faraja kubwa kwa mtoto asiye na ukoo, kwa kuwa lilimpa thamani ambayo hakuna mnunuzi awezaye kuigusa. Hata hivyo matibabu yao hayakuishia katika roho. Waliona ya kuwa mgonjwa apona vema zaidi akiwa na kazi pamoja na wenzake, chakula cha pamoja na mtu wa kumwita kwa jina. Kwa maneno mengine, walijaribu kumtengenezea watu yule aliyewapoteza watu wake. Upungufu ulikuwa upande mwingine: mgonjwa aliyetolewa mbali aliachana na jamaa zake, na kupona kwake kulikuwa nusu ya safari tu, maana nusu ya pili ni kurudi na kupokewa.

Wasambaa hawakuchagua njia moja na kuitupa nyingine. Feierman, aliyeanza utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960, aliandika baadaye jinsi familia za huko zinavyomshughulikia mgonjwa. Mgonjwa mmoja aweza kupelekwa zahanati, kisha kwa mganga, kisha hospitali, wala jamaa zake wasione mgongano wowote. Maradhi mengine huitwa ya Mungu, yaani yametokea tu, na dawa yake ni dawa. Mengine hudhaniwa kuwa yametokana na ugomvi, deni au tambiko lililosahauliwa. Aghalabu mgonjwa hakati shauri peke yake. Ndugu wa baba, wajomba na wakwe huketi, hujadiliana na kuchanga fedha.

Nilipata kuliona jambo hili kwa macho yangu nilipokuwa karani kijana katika afisi moja wilayani Lushoto. Nilikuwa najaza fomu ya kijana aliyekuwa akipelekwa kutibiwa maradhi ya akili. Watu watano walikuwa wamemsindikiza. Nilipofika penye swali la maradhi yake nikamwuliza mzee wao, “Baba, anasumbuliwa na nini?” Mzee akajibu, “Mwanangu, hajasemezana na kaka yake tangu mazishi ya baba yao.” Nafasi katika fomu ilikuwa ya neno moja. Nikaandika “akili”, nikagonga mhuri. Nilidhani wakati ule kwamba mzee hakulielewa swali. Leo naona kwamba mimi ndiye niliyekosa kulielewa jibu.

Sisemi haya ili kuvisifu vya kale kwa kuwa ni vya kale. Fikra isemayo kwamba mtu ni watu ina upande wake wa giza. Ndiyo iliyowaua vigego wasio na hatia, kwa kuwa watu walikataa kuwapokea. Ndiyo iliyowapeleka vikongwe mashtakani kwa uchawi, kwa kuwa kila ugonjwa ulitafutiwa mtu wa kulaumiwa. Malaria iliyopanda kichwani haiponi kwa kuwapatanisha ndugu, na mwenye kifafa anayecheleweshwa kupata dawa hudhurika. Ukoo waweza kumponya mtu, tena waweza kumwangamiza. Hapo ndipo fundisho la kwamba kila nafsi ina thamani yake yenyewe, lililoletwa na dini na kutiwa nguvu na sheria za nchi, linapofaa kuwa mizani.

Siku hizi twasema “afya ya akili”, nalo ni neno jema, kwa sababu limewafundisha wengi kwamba maradhi haya ni maradhi kama mengine, wala si aibu. Lakini neno hilo laweza kutusahaulisha, tukadhani kwamba akili ni kitu kilichofungiwa ndani ya fuvu la mmoja, na kwamba mwenye kuumwa aumwa peke yake. Historia ya Usambara, tangu Mbegha aliyenyimwa urithi, tangu watoto walioteremshwa pwani, hata wagonjwa wa Lutindi, yatuonya tusidhani hivyo. Mwalimu akimwona mwanafunzi aliyenyamaza darasani kwa majuma mawili, na ampeleke kwa daktari, tena bila kuchelewa. Kisha aulize nani wanaokula naye nyumbani, na nani atakayempokea siku atakaporudi.